Manyoya ya Afande

Ikungi, Jumatano alasiri

Salome mwanangu,

Umetoka sasa hivi na bibi yako kwenda kuwaaga wanakwaya. Mimi nimesema kichwa kinaniuma ili nibaki. Hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe kimya nipate kuandika, kwa sababu kila nikikaa mbele yako nikiwa na neno hili mdomoni, naishia kuzungumzia sweta.

Habari za sweta tumezimaliza. Tumemaliza za paspoti, za binamu yako atakayekupokea Arusha, za baridi ya Kericho na mvua yake ya kila alasiri. Una miaka ishirini na sita. Kula utakula, kulala utalala. Namna ya kuishi na watu pia sitakufundisha, maana katika nyumba hii wewe ndiye uliyejua kuishi na watu. Mimi nilijua kuwafundisha tu.

Nimekaa kwenye meza yetu ya kazi. Jiliwa lako, kile kibano cha kushikia ndoano, umeshalifungua na kulipakia, na pale lilipokuwa limekaza ubao pamebaki alama mbili za meno ya chuma. Nimejaribu kukaa upande wako ili nisione pengo. Nilipochukua ndoano niipimie uzi, sikuona kitu. Mwanga wa dirisha unaishia kwenye kiti changu. Miaka yote hii nilikukalisha kivulini, Salome, na hukusema. Uliinamisha shingo tu ukaendelea, nami nikawa nakukemea, "Kaa wima, utapata kibyongo."

Unakumbuka Mama Juma wa vitunguu alivyosimama pale mlangoni siku ya gulio, akachukua mmoja wa nzi wetu na kumgeuzageuza?

"Mwalimu, hereni zako nzuri, ila mbona zina ndoano kali hivi? Mtu si atararua sikio?"

"Si hereni, Mama Juma. Ni nzi wa kuvulia samaki."

"Samaki wa wapi anayevaa hivi?"

Ulicheka mpaka ukaangusha uzi. Mimi, kwa ugonjwa wangu wa kueleza, nikamweka kitako nusu saa nzima. Nikamweleza kwamba kuna mto Uskochi unaoitwa Spey, maji yake yanakwenda kasi, na watu wa bonde lile zamani walibuni nzi wao wenyewe: mwili mwembamba, mabawa mawili mafupi yanayolala chini kama paa, na manyoya marefu laini yanayopita hata mwisho wa ndoano. Akiwa mkavu unaweza kudhani aliyemfunga amesahau kupunguza. Mtie majini, manyoya yanafunguka na kujikusanya kama kitu kinachovuta pumzi. Mama Juma alisikiliza yote, akasema, "Basi mimi nipe jozi moja ya hereni," akaondoka.

Na yeye alitufaa kuliko alivyojua. Maganda ya vitunguu vyake tuliyachemsha, na manyoya meupe ya bata yakatoka na rangi ya kahawia yenye dhahabu ndani yake, ambayo hata Roda wa Kericho aliniuliza tunainunua wapi. Nyuzi nyekundu za magunia yake tulizichambua zikawa mikia. Sufu ya mbuzi tuliichana kwa mswaki wa zamani. Manyoya ya kanga, katani, karatasi ya kung'aa ya pakiti za majani ya chai. Hakuna kilichotupwa katika nyumba hii bila kwanza kuulizwa kama kinaweza kukaa kwenye ndoano.

Hata kaseti ya baba yako. Nilikuwa nimekwisha kumzika miaka miwili, na Roda, ambaye nilikaa naye kiti kwa kiti kwenye karakana ya Kericho nikiwa msichana, kabla sijawa mwalimu, alikuwa ameanza kunitumia kazi ili mikono yangu isikae bure. Nilihitaji utepe mwembamba mweusi wa kuzungushia mwili wa nzi. Nikachukua kaseti moja kutoka kwenye boksi, nikadhani ni tupu, nikaivuta na kuikata vipande. Ilikuwa ile ya kwaya, ambamo baba yako aliimba besi. Haikuwepo nyingine. Uliponikuta nimekaa chini na vile vipande ulikuwa na miaka kumi na moja. Uliviangalia, ukaangalia nzi sita niliokuwa nimewamaliza, ukasema, "Basi sasa baba ataimba majini." Ukaniachia hapo. Hukuwahi kunikumbusha tena.

Nakuandikia hilo kwa sababu kosa lile nililikiri papo hapo, nawe ukalibeba pamoja nami, likawa jepesi. Liko jingine sikulikiri. Ndilo lililonibakiza nyumbani leo.

Ni habari ya Afande.

Wewe ndiye uliyempa jina, kwa kuwa alikuwa akipita uani kila asubuhi kifua mbele kana kwamba anakagua gwaride. Ulimtoa kwenye yai. Ulimlisha mashudu ya alizeti mpaka akang'aa. Wengine walimwona jogoo mkubwa wa kijivu. Mimi nilimwona kwa jicho la kazi yangu. Pande zote mbili za kiuno chake, pale mkia unapoanza, palikuwa na manyoya ambayo sikuwahi kuyaona kwa jogoo mwingine hapa Singida, na unajua hapa kwetu kuku si haba. Marefu kuliko kidole changu cha kati, membamba, laini mpaka ncha, yakiyumba hata asipotembea.

Miaka mitatu iliyopita Roda aliniandikia. Kulikuwa na mzee huko ng'ambo, mgonjwa, aliyetaka nzi kumi na wawili wa namna aliyovulia babu yake. Hakutaka manyoya ya dukani. Zamani nzi hao walifungwa kwa manyoya ya jogoo wa kienyeji wa bonde lile lile la Spey, na jogoo hao, Roda alisema, wamekwisha. Wamechanganyika na kuku wa kisasa mpaka mbegu imepotea. "Wewe uko kwenye nchi ya kuku," aliniandikia. "Hebu angalia uani kwako."

Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama dirishani, na Afande alikuwa anapita.

Mwanangu, ningependa kukuambia kwamba nilisumbuka. Sikusumbuka. Nilijua wageni wa kwa kina Elia wanakuja Jumamosi kuleta neno la posa. Nilijua bibi yako amemtenga Afande kwa ajili yao, kwa maana kwa bibi yako mgeni mzito haletewi nyama iliyokwisha kuwa nyama. Huonyeshwa jogoo akiwa hai, ampokee kwa mikono miwili, amrudishe, ndipo achinjwe. Na jogoo wa posa hutolewa na binti aliyemfuga mwenyewe. Yote haya niliyajua. Nikajiambia, tutawaonyesha yule mwekundu. Nikajiambia tena, kwa ile elimu yangu ya baiolojia, unyoya ukinyofolewa unaota tena baada ya wiki saba, nane. Nilijua kila kitu kuhusu unyoya.

Ijumaa jioni ulipokwisha kuwalisha kuku na kwenda mazoezi ya kwaya, niliingia bandani. Nilitaka manne tu, nimtumie Roda picha. Nilipoyatoa manne ya kwanza nikayaona kwenye mwanga, nikataka manane. Kila moja lilikuwa zuri kuliko lililotangulia. Afande alinipiga mbawa za uso na mimi nikambana magotini nikiendelea kuchagua. Nilipoacha hapakuwa na la kuchagua tena. Nyuma palibaki ngozi, na vitone vya damu.

Asubuhi nilimwambia bibi yako tutoe yule mwekundu. Akakataa. Mshenga alikwisha kuwaambia watu wa Sekenke, kwa kina Elia, kwamba wanawekewa jogoo wa kijivu. "Jogoo aliyetajwa habadilishwi," akasema, "au unataka waseme tumewaficha bora tukawapa dhaifu?" Wewe ulikuwa umetoka bandani, umemshika Afande kwapani, macho yamekutoka.

"Mama, Afande kafanywa nini?"

Nikasema, "Labda kicheche."

Hilo lilikuwa la kwanza. Ungekuwa uongo mmoja tu, labda ningeweza kulala nao.

Ulimfunika kwa kitenge ukamtoa mbele ya wageni, ukapiga goti vizuri, na Mzee Kitundu, baba mkubwa wa Elia, akampokea kwa mikono miwili. Akampima uzito. "Huyu amekula alizeti huyu," akasema, na watu wakafurahi. Kisha kitenge kikaanguka, akamgeuza.

"Eh! Wanyaturu! Jogoo wenu alikaa kwenye jiko?"

Ua mzima ulicheka, maana sisi na Wanyiramba utani haukuanza jana. Bibi yako hakukawia: "Nyie wa Sekenke mmechimba milima mkitafuta dhahabu mpaka imebaki uchi, leo jogoo mmoja akiwaonyesha makalio mnashangaa?"

Ingeishia pale, nadhani. Ingekuwa hadithi ya kuchekea arusini. Lakini mke wa Mzee Kitundu alisogea, akainamia, akaona damu. Hakucheka. Akasema ndege huyu amenyonyolewa akiwa hai, na kitu kama hicho hakiwekwi mbele ya mgeni. Akauliza nani anamfuga.

"Mimi, mama," ukasema.

"Na hukuona?"

"Jana jioni nilimwona mzima, mama. Niliwalisha mwenyewe."

"Jana mzima, leo hivi? Manyoya yalitembea?"

Ukanigeukia. Mimi nilikuwa na birika mkononi, namimina chai. Hukunituhumu; ulinitazama tu kama mtoto anavyomtazama mama yake mahali penye watu wengi, amsaidie. Nami nikasema maneno haya, nayakumbuka kila herufi:

"Labda hukuangalia vizuri, mwanangu. Jana kulikuwa na giza."

Hapakuwa na giza. Jua lilikuwa bado juu ya paa la kanisa.

Ukainama. Ukasema, "Labda, mama." Na hilo "labda" lako, Salome, ndilo ninalolisikia nikichota maji, nikisali, nikifunga uzi.

Walikunywa chai, wakasema watarudi, hawakurudi. Elia alikutumia ujumbe kwamba wazee wamesema wasiharakishwe. Baada ya mavuno mwaka uliofuata alioa Kiomboi. Sijui ulimpenda kiasi gani. Sikuwahi kukuuliza, kwa sababu ungenijibu, na jibu lako lingetaka jibu langu.

Sasa sikiliza lililobaki. Yale manyoya yalikuwa chumbani kwangu kwenye bahasha. Ungeyatambua kwa rangi, kwa hiyo nilichemsha maganda ya vitunguu nikayatia humo mpaka kijivu kikawa shaba. Wiki mbili baadaye nilikuwekea mezani nikasema Roda ametuma. Sikuthubutu kuwafunga nzi wale mwenyewe, nikakuomba unifungie wewe.

Uliwafunga wote kumi na wawili. Ulikaa kivulini mwako siku nne, husemi na mtu, na sikuwahi kuona kazi ya namna ile. Kila unyoya ulikaa peke yake, hakuna uliolalia mwingine. Uliwajaribu mmoja mmoja kwenye kopo la kioo, na ulipomtia wa mwisho majini ukasema, ndio maneno ya kwanza niliyoyasikia kwako tangu Jumamosi ile, "Mama, huyu jogoo alikokuwa, alitunzwa na mtu." Nilitoka nje nikasema naenda kuangalia kuni.

Roda alipowapokea aliniuliza nani amewafunga. Nilimwambia ukweli katika hilo. Ametunza picha zao miaka mitatu, na karakana ilipomhitaji mtu wa kuwafundisha wengine mtindo huu na kukagua kazi kabla haijatoka, hakutafuta mbali. Kwa hiyo mwanangu, unaondoka kesho kwa sababu ya manyoya yale yale. Yalifunga mlango mmoja, yakafungua huu. Usije ukafikiri naliandika hili kama faraja. Nimekuwa nikijaribu kulitumia hivyo mimi mwenyewe, nikisema, unaona, Mungu alikuwa na mpango. Ni kweli labda alikuwa nao. Wangu ulikuwa kuficha.

Pengine ningekwenda nalo kaburini, kwani mazoea ni kitu cha ajabu. Hata uongo ukikaa miaka mitatu unapata kigoda chake jikoni. Lakini niliona ulivyobadilika. Wale wanawake wa sokoni walikuita "Mama Kipara" msimu mzima, "Salome, jogoo kaota?" nawe ukawa unacheka nao. Kuku wote, na Afande mwenyewe, uliwapeleka kwa shangazi yako, hukufuga tena hata kifaranga. Hayo niliyaona. Nilichochelewa kukiona ni mlango. Tangu siku ile unarudi kuangalia kama umeufunga, mara ya pili, mara ya tatu. Ndoano unazihesabu ukimaliza, kisha unazihesabu tena. Paspoti umeiangalia leo mara nne; nilikuwa nahesabu na mimi.

Na majuma mawili yaliyopita, tulipokuwa tunachambua mabawa ya bata, ukaniambia bila kuinua kichwa: "Mama, naogopa. Nitakaguaje kazi za watu, mimi ambaye jogoo aliyenyonyolewa nyuma nzima sikumwona?"

Nikajibu, "Utazoea."

Siku ile niliondoka mezani nikajua siwezi tena.

Ijumaa iliyopita nilikuambia nakwenda Singida kupima macho. Sikwenda kupima macho. Nilipanda gari la Sekenke. Mzee Kitundu amezeeka, anatembelea fimbo, ila ulimi ni ule ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Leo hukutuletea jogoo?"

Nikakaa, nikamweleza yote, kuanzia barua ya Roda mpaka birika. Nilipofika pale Afande anaponipiga mbawa za uso alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaja na maji. Kisha akafuta machozi ya kicheko.

"Kwa hiyo binti hakuwa mzembe."

"Hakuwa."

"Na wewe ulikuwa pale unamimina chai."

"Nilikuwa pale."

"Mwalimu, sisi tulimsema mtoto wa watu njia nzima. Huyu mama alimsema mpaka tunafika Shelui." Mkewe akaangalia chini, akasema, "Kweli nilimsema." Mzee akagonga fimbo. "Sasa kijana ameoa. Ana mtoto. Siwezi kumwoza tena."

"Sikuja kwa hilo, mzee. Nimekuja ili jina lake lirudi."

"Jina lake nimelipokea. Nitamwambia Elia, nitawaambia wote tuliokuja siku ile. Yeye mwenyewe anajua?"

"Bado."

"Bado!" akasema, akamgeukia mkewe. "Umesikia? Mwalimu ana deni nyumbani kwake, amepanda gari kuja kulilipa Sekenke."

Nilirudi siku ile ile, na jioni ukaniuliza daktari amesema nini. Nikasema macho hayana shida. Hata hapo, Salome. Hata baada ya kutoka kwa yule mzee.

Bibi yako alijua, nadhani, tangu asubuhi ile. Mwezi ule ule tukiwa tunapepeta mtama, aliniambia kwa Kinyaturu, akiangalia ungo wake, "Ni kicheche gani huyu anayekula manyoya akaacha nyama?" Hakungoja jibu. Aliniachia niliseme mwenyewe. Mimi nikafikiri ananifichia siri.

Kwa hiyo hili ndilo ninalotaka uondoke nalo, na kama utachana barua yote, kata kipande hiki ubaki nacho. Ijumaa ile jioni ulimwona Afande mzima kwa kuwa alikuwa mzima. Uliangalia vizuri. Macho yako hayakukosea, wala siku ile wala siku nyingine yoyote tangu nikujue. Aliyekuambia hukuona alikuwa ndiye aliyefanya. Huko uendako watakuletea nzi wa watu wazima, walioanza kazi hii kabla hujazaliwa, nao watakuambia unyoya umekaa sawa. Ukiona haujakaa sawa, haujakaa. Usirudi kuangalia mara tatu.

Na mlango, mwanangu, ulikuwa umefungwa kila mara. Nilikuwa nikiamka nyuma yako kuuangalia.

Nimetumia kurasa nyingi na bado sijaandika kwamba nitakukosa. Nimelikwepa kwa kuwa sijui kama mtu aliyefanya nililofanya anayo haki ya kulisema leo. Lakini ni kweli na nitaliandika. Nitakosa namna unavyokata uzi kwa meno, jambo nililokukataza miaka kumi na tano na hukuacha. Nitakosa wimbo ule usio na maneno unaouvuta puani ukifika kwenye mabawa, na unavyonyamaza ghafla unapobana pumzi ukikaza fundo la mwisho, na mimi upande wangu nikijikuta nimebana pia. Nimefanya kazi na watu wengi. Wewe peke yako ndiye niliyekuwa nikipumua naye.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiingiza katikati ya nguo zako, uikute Kericho. Nimefikiri hivyo mpaka nilipofika ukurasa huu. Kule ungeisoma peke yako, kati ya wageni, na hasira yako ingebidi uimeze kwa sababu mwenye kuistahili yuko siku mbili kwa basi. Ingekuwa mimi kushika birika mara ya pili.

Nitakupa mkononi, leo, ukiingia. Isome chumbani au isome mbele yangu. Roda nimempigia simu mchana: ukichelewa siku moja, ukichelewa wiki, nafasi yako ipo. Basi linapita hapa kila siku, halitakosekana kwa ajili ya maneno unayotaka kuniambia. Uniambie yote. Sitakueleza kitu. Nitakaa kwenye kiti cha kivulini nisikilize. Na kama hutaki kusema nami kabisa, asubuhi nitapika chai, nitabeba begi lako dogo mpaka kituoni, nitatembea nyuma yako kama utapenda niwe nyuma.

Jua limeshuka, nimesogeza karatasi dirishani. Nasikia bibi yako anakohoa kule njiani na wewe unamwambia apumzike kidogo, hakuna anayewafukuza. Mko karibu na lango. Sina muda wa kusoma tena nione nilipokosea.

Mama yako